Mwalimu Aliyetukatalia Dore na Dogne

Mjini Dubai mtu akikuuliza jina lako, mtazame viatu kwanza. Viatu vya kung'aa, jibu kwa kifupi. Ndara, muulize na wewe anataka nini. Mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa akivaa makubadhi ya ngozi yaliyolika upande mmoja, pamoja na suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo unasimama, na mimi nikashindwa kumweka fungu gani. Basi nikamshuku tangu siku ya kwanza, na sikuacha kumshuku miaka yote niliyomjua.

Alikuja nyumbani kwetu Karama kila Ijumaa alasiri, Waislamu wakisharudi msikitini na sisi wa kanisa tukishatoka ibadani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili kwenye mkataba, lakini kwa mbao na mapazia tulikuwa tumeifanya ya watu wengi, Wakenya na Waganda, kila mtu na kitanda chake na msumari wake wa kutundika nguo. Sebuleni ilibaki nafasi ya meza moja. Hapo ndipo palikuwa darasa. Walikuja walinzi, wahudumu wa mikahawa, na wasafishaji wa hoteli kama mimi, kila mmoja akiamini kwamba Kifaransa kidogo kitamtoa kwenye ndoo na kumpeleka mapokezi.

Naye hakututoza kitu. Alikula tulichopika, akanywa chai, akashukuru, akaondoka. Wenzangu walimsifu kwa ukarimu. Mimi nikajiuliza: katika mji huu ambao hata kivuli kina mwenyewe, mzee huyu anapata nini?

Ninaposema nilimshuku, si kwa ubaya wa roho tu. Nilikuwa na mtu wa kuficha. Nafula, mtoto wa shangazi yangu, alikuja kufanya kazi za ndani kwenye villa moja kule Al Warqa. Madam wake alimfungia kwa ufunguo, akamnyang'anya simu, akamlaza kwenye sakafu ya stoo. Siku moja Nafula alitoka na mfuko wa taka, akautia kwenye pipa, akaendelea kutembea. Pasipoti ilibaki kwa madam. Nilimpokea mimi. Akapata kazi ya kuosha nywele saluni kwa kutumia kadi ya Mganda mmoja aliyekwisha kurudi kwao, ambaye sura zao zilikaribiana machoni pa mtu asiyetuangalia vizuri. Kadi ilisema Nakato. Basi nje ya nyumba Nafula alikuwa Nakato, na ndani pia, maana mapazia hayana masikio lakini wenye mapazia wanayo. Akijulikana, anashikwa, na kabla ya kurudishwa kwao huenda akakabidhiwa tena mikononi mwa yule madam. Hilo ndilo nililokuwa nikilinda. Halafu anakuja mzee na makubadhi yake, na kitu anachokipenda kuliko vyote duniani ni kuuliza watu majina.

Hakuuliza kama wanavyouliza wengine. Alivuta kiti, akakunja mikono, akasema: "Jina lako nani alikupa? Na kwenu lina maana gani?" Ukimjibu, alitikisa kichwa taratibu, halafu: "Una hakika?" Hilo "una hakika" lake lilinikera mpaka meno. Mwanamume mmoja wa Kisii alieleza jina lake vizuri kabisa, na bado akaulizwa kama ana hakika. Akaondoka siku hiyo hajui hata kama ni mwana wa baba yake.

Somo lake la kwanza kwa kila mwanafunzi mgeni lilikuwa lile lile. Aliandika *je m'appelle* kwenye kadibodi ya boksi la maji, akaigonga kwa kidole. "Sisi tunasema naitwa," alisema. "Wako watu walioniita, na mimi nikaitika. Mfaransa anasema najiita. Kwetu mtu akikwambia najiita fulani, unashika mfuko wako. Kwa Mfaransa ndiyo adabu." Halafu akacheka peke yake, kicheko kifupi cha kupitia puani. "Kifaransa kinatufaa sana sisi wa Dubai."

Watu walicheka naye. Mimi nilitazama alikuwa akimwangalia nani aliposema hivyo. Alikuwa akimwangalia Nafula, au pengine alikuwa akiangalia birika nyuma yake. Sikuwa na njia ya kujua.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mashaka kuliko mimi, na hapo ndipo nilipoanza kumtambua, maana mwizi humjua mwizi mwenzake. Alikaa daima mgongo ukutani, uso mlangoni. Chai hakuinywa kama hakuiona ikimiminwa. Lifti hakupanda, alisema lifti ni chumba kinachofungwa na mtu usiyemjua. Simu yake ilikuwa ya vibonyezo, ya kupiga na kupokea tu, na ukitoa yako kupiga picha ya darasa, Mwalimu alikumbuka ghafla kwamba ameacha kitu jikoni. Kuhusu waajiri alikuwa na usemi wake: "Arbab akikwambia inshallah, muulize ni ipi, ya kufanya au ya kutofanya." Wakati huohuo alimwamini kila paka wa Karama. Aliwawekea mifupa kwenye ngazi, akaongea nao Kifaransa, na nadhani walimwelewa kuliko sisi.

Kwao ni wapi? Wakenya tuliambiwa Kigoma. Waganda waliambiwa Bujumbura. Mzee mmoja wa Kizanzibari mwenye duka la vitambaa aliniapia kwamba alimsikia akijitaja kuwa mtu wa Ngazija. Nilipomuuliza moja kwa moja, alinijibu: "Mama Mashaka, kwani wewe unataka kunipeleka kwetu?" Jina hilo la Mama Mashaka ni yeye aliyenipa, na nyumba nzima ikalidaka. Mashaka ya kushuku au mashaka ya taabu, hakusema.

Na Ufaransa? Aliizungumzia kama chumba cha pili tu hapo. Alijua supu zao, jibini zao, jinsi wanavyogombana mezani bila kuinuka. Nikaamua kumpima. Hotelini kwetu walikuja wageni wa Kifaransa kila wakati, basi siku moja nikamsalimu bibi mmoja kwa sentensi ndefu niliyofundishwa na Mwalimu, ya kumwuliza kama amelala vizuri na kama kuna lolote angependa nimfanyie. Yule bibi akasimama na kikombe chake mkononi, akanitazama kwa huruma ya ajabu, akasema jambo ambalo sikulielewa. Mapokezi walinitafsiria baadaye: amesema unaongea kama padri aliyekuja kumzika babu yake. Nikarudi Karama na ushahidi wangu. Wenzangu wakasema hiyo ni sifa. Mimi nikaiweka moyoni.

Hoteli yetu ilikuwa na vyumba vikubwa vilivyopewa majina ya kifaransa-faransa: Loire, Garonne, Dordogne, na vingine. Madirishani ungeona mchanga na winchi za ujenzi, lakini milangoni ilikuwa Ufaransa tupu. Ijumaa moja nikamuuliza Mwalimu, kwa kumtega, Dordogne maana yake nini.

"Dordogne ni mto," akasema.

"Wa manyoya au wa pamba?"

Naapa sikufanya mzaha. Mtu anayetandika vitanda kutwa nzima, akisikia mto, anaona foronya. Hotelini tulikuwa na mito ya kila namna, laini, migumu, ya mtu wa kuumwa shingo, na nilidhani wageni wakubwa wana wao maalumu. Darasa likaanguka. Walicheka mpaka wa chumba cha jirani wakagonga ukuta. Mwalimu alijifuta macho kwa leso, akasema, "Mama Mashaka, mto wa maji! Wa maji!" na hilo likawachekesha upya.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mlinzi wa Kiganda kutoka Masaka, jina lake Musa. Alikuja na sambusa za kutosha nyumba nzima, akasalimia kila mtu kwa mikono miwili, akacheka kuliko wote. Nilimpenda papo hapo. Nilimwekea kiti karibu yangu na chai ya tangawizi, mimi mwenyewe, Mama Mashaka.

Katikati ya kicheko hicho Nafula, ambaye furaha ikimshika hajui kufunga mdomo, akasema kwa sauti: "Hata mimi jina langu ni mto! Nakato. Naka, na to. Aliyezaliwa karibu na mto. Mama alikuwa anatoka kuchota maji."

Musa akaacha kutafuna. "Nakato?" akasema. "Nyabo, wewe ni Nakato, halafu unasema mto? Kwani Ba..."

Mwalimu alipiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. Hatukuwahi kumwona hivyo. "Darasani kwangu mtu anajibu akiulizwa!" akasema. "Musa, mgeni hasemi siku ya kwanza. Shika kalamu. Leo tunasoma mto." Musa akainamisha kichwa kama mtoto wa shule.

Ndipo akatufundisha Dordogne, na sijamsikia kufundisha vile tena. Alichora kwenye kadibodi mlima, na kutoka mlimani vijito viwili. "Hiki wanakiita Dore," akasema. "Hiki wanakiita Dogne. Vinashuka, vinakutana, vinakuwa mto mmoja. Dore na Dogne: Dordogne. Tamu?"

"Tamu," tukasema. Kwa kweli ilikuwa tamu. Mwanamke mmoja wa Nyeri alisema hata angependa kupewa jina hivyo, nusu la baba, nusu la mama.

"Uongo," akasema Mwalimu, na akakata vile vijito kwa mistari miwili ya kalamu.

Akatueleza kwamba jina la mto ni la kale kuliko maelezo yake. Warumi walipofika walikuta watu wanauita jina linalokaribia Durani, nao wakaliandika kwa Kilatini chao, Duranius. Hiyo *dur*, wanavyosema wanaochunguza, ni neno la watu wa zamani mno, waliokwisha kusahauliwa, na inaelekea maana yake ilikuwa maji tu, maji yanayokwenda. Ulimi ukalisugua karne baada ya karne, likawa Dornonia, likawa Dordonia, mwisho Dordogne. "Kwa hiyo mto huo unaitwa Mto," akasema. "Basi. Kama sisi tunavyosema Ziwa Nyasa. Nyasa ni ziwa. Mgeni aliuliza hiki nini, akaambiwa ziwa, akaandika Ziwa Ziwa, akaenda zake."

"Sasa Dore na Dogne vilitoka wapi?" aliuliza yule wa Nyeri, amenuna.

"Watu walilisahau jina. Wakawa wanalitumia na hawalielewi. Jina usilolielewa linawasha. Wakatazama mlimani, wakaona kijito kinaitwa Dore, wakasema aha, basi kile cha pili lazima kiwe Dogne. Wakambatiza mtoto ili wampate babu." Akaweka kalamu chini. Sasa alikuwa akimwangalia Nafula, waziwazi, wala hakukuwa na birika lolote nyuma yake. "Mwenye jina lake hana haja ya hadithi. Muulize Mfaransa wa pale maana ya Dordogne, mara nyingi atakwambia sijui, ndivyo tulivyoukuta. Ukikutana na jina lililoelezwa vizuri kupita kiasi, jua limeazimwa."

Nafula alitazama mikono yake. Baada ya darasa nilimvuta nyuma ya pazia, nikamwambia kwa ukali kwamba mzee yule ameshajua, kwamba ni masikio ya mtu, kwamba asitoke tena Ijumaa. Alilia. Aliniambia, "Lakini dada, hakusema kitu." Nikamwambia ndivyo wanavyofanya, hawasemi kwako.

Wiki zilizofuata nilimlinda Nafula dhidi ya Mwalimu, na Musa nikamfungulia mlango. Alikuja hata siku zisizo za darasa, anatusaidia kubeba mchele, anatengeneza bomba. Siku moja akiwa ananisaidia kumenya viazi akaniambia, sauti ya chini, uso wa huzuni: "Nyabo, nilikuwa sijakupa pole. Pole sana kwa Babirye."

"Babirye nani?"

"Pacha wake Nakato. Mwalimu alinieleza siku ile ile, chini pale kwenye ngazi. Alisema yule alikufa mdogo, na mama yao hakutaka jina lake litajwe, akamfundisha mtoto kusema ni habari ya mto. Kwetu, Nakato ni pacha wa pili wa kike. Wa kwanza ni Babirye. Hakuna Nakato bila Babirye. Mimi karibu niulize mbele ya watu! Aibu ingeniua, banange."

Nikaendelea kumenya. Sikumbuki kiazi kilibaki na ukubwa gani. Kumbe katika nyumba iliyojaa Wakenya tulikuwa tumemvika mtoto jina linalouliza swali lenyewe kila likitajwa, na sisi tukalishonea hadithi ya mtoni. Wale Waganda wawili waliokuwa wakilala kwetu walifanya kazi zamu za Ijumaa na hawakuwahi kuisikia hadithi hiyo. Kwao alikuwa Nakato tu, na pacha wa mtu si jambo la kuuliza kwa pupa. Asiyejua maana haambiwi maana, wanasema, na sisi hatukuambiwa.

Halafu Musa, akiwa bado na kisu mkononi, akaniambia kitu kingine, kwa wepisi ule ule. Kazini kwake, alisema, watu wana taabu. Analinda mlango wa ofisi moja inayoleta wafanyakazi wa ndani, na wasichana wanaotoroka wamekuwa wengi, na bosi anawauliza walinzi kila siku kama wamesikia lolote huko wanakoishi. "Mimi huwa namwambia tu ninachosikia," akasema. "Mimi si mtu wa kuficha." Nilimuuliza ofisi yenyewe ni ipi. Akaitaja. Ilikuwa ile ile iliyomleta Nafula.

Hakuwa mtu mbaya, Musa. Nataka hilo lieleweke. Mdomo wake tu haukuwa na kitasa, na mimi ndiye niliyekuwa nikiutia chai.

Jioni hiyo nilimtafuta Mwalimu kwenye mkahawa alikopenda kunywa chai ya karak, karibu na kituo cha metro. Alikuwa amekaa mgongo ukutani. Sikumwamkia.

"Kwa nini ulimdanganya Musa?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nani amekutuma?"

Akanisogezea kiti kwa mguu. "Mama Mashaka, ningekuwa nimetumwa, ningepoteza uongo mzuri kama ule bure? Kaa, watu wanatazama."

Nikakaa. Akaniambia kwamba alijua tangu mwanzo kwamba jina la msichana si lake. Hakujali ni la nani. Lakini Dubai imejaa Waganda, na siku yoyote mteja wa saluni angemuuliza pacha yuko wapi, na yeye angejibu habari za kuchota maji. "Kutojua si neno," akasema. "Mimi namjua Nakato wa kweli ambaye hajui maana ya jina lake. Lakini kutojua na kuwa na hadithi nzuri, hapo unakamatwa. Mfundishe aseme Babirye alitangulia, halafu ainamishe macho. Watu wetu wana adabu ya msiba. Hawataongeza swali."

"Na wewe ulijifunza wapi mambo haya?"

Akachovya mkate wake ndani ya karak, akautazama ukilainika. "Kwenye Kifaransa," akasema.

Wengine wangemshukuru. Mimi nilirudi nyumbani namshuku maradufu. Alikuwa ameokoa mtoto wetu kwa uongo uliotungwa ngazini, papo kwa hapo, wenye marehemu na mama na majonzi, na Musa akauamini mpaka akatoa pole. Mtu anayeweza hilo hakuanza jana. Nilimfundisha Nafula yale maneno, nikaruhusu arudi darasani, na nikaendelea kukaa mahali ambapo naweza kuona mikono ya Mwalimu. Sijutii. Macho yangu yalikuwa kazini; yalikosea mlango tu, na mlango niliouchunga nao haukuwa mtupu.

Lile swali lilikuja kweli, saluni, kutoka kwa mama mmoja wa Kampala aliyekuwa na povu kichwani. Nafula akasema Babirye alitangulia. Yule mama akamshika mkono, akamwombea pale pale, povu likimtiririka shingoni. Nafula aliponisimulia alikuwa anacheka na kutetemeka kwa pamoja. Baadaye ulipotolewa msamaha kwa waliokaa bila karatasi, alijitokeza kwa jina lake, akapata hati ya kusafiria, akarudi Bungoma. Darasa lilikuwa limekwisha kufa kabla ya hapo. Wenye nyumba walikataza mapazia, tukatawanyika, na Mwalimu akapotea kama alivyokuja.

Nilimwona tena Al Twar. Nilikuwa nimepata kazi ya kumtunza bibi mmoja mgonjwa huko, na nilitumwa grosari kununua maziwa ya mtindi. Mwenye duka, Mhindi wa Kerala, alikuwa akiita jina la mtu kwa nguvu. Akaliita tena. Dukani tulikuwa watu wawili tu, mimi na mzee aliyesimama mbele ya mikate, mgongo kwetu, ambaye hakugeuka. Nilidhani ni kiziwi. Mara ya tatu akashtuka, akageuka haraka, akasema "Naam!" kama aliyeamshwa. Nikaona makubadhi.

Jina lile halikuwa jina tulilomjua nalo Karama. Halikukaribia hata kidogo.

Aliona kwamba nimesikia. Tulitoka nje, tukasimama kwenye kivuli cha ukuta wa villa, na safari hii hakutafuta pa kuegemeza mgongo. Alikuwa amekonda. Aliniambia anasafiri wiki hiyo. Karatasi zake zimetoka, anarudi kwao, kweli kwao, Kigoma, baada ya miaka ambayo hakutaka kuihesabu. "Lile la Karama lilikuwa la mtu mwingine," akasema. "Nilikuja nalo huku. Sasa kijijini wataniita kwa langu, na mimi siitiki, Mama Mashaka. Wanaita, sigeuki. Nimemwomba mwenye duka aniite kila akiniona, kwa nguvu, mpaka nizoee. Nitafikaje mbele ya dada yangu, ananiita, nami namtazama kama mgeni?"

Nilimwonea huruma kwa mara ya kwanza, huruma iliyouma kweli, na nikakasirika kwamba imechelewa. Ili nisilie nikamuuliza kama aliwahi kuona Dordogne.

"Hata kwenye kalenda sijauona," akasema. Alikuwa mpishi wa mapadri wawili wa Kifaransa. Mmoja alizaliwa kando ya mto huo, na kila Jumapili baada ya supu alisimulia Dore na Dogne, jinsi alivyopelekwa na baba yake mlimani akanywa maji pale vinapokutana. Wa pili alikuwa msomaji, na kila Jumapili alimkatalia: Duranius, ndugu yangu, Duranius. Waligombana mpaka wakazeeka. "Msomaji ndiye aliyekuwa sahihi," Mwalimu akasema. "Lakini yule wa kwanza alipokuwa anakata roho, aliomba maji ya Dogne. Nikampa ya bombani, nikamwambia ndiyo hayo."

Halafu akaniuliza: "Nafula hajambo?"

Nilisimama wima. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumtajia jina hilo, na Nafula aliniapia kwamba yeye pia hakuwahi.

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Ijumaa yangu ya kwanza, ulikuwa jikoni, ukapiga kelele: Nafula, ugali unaungua. Nikasema moyoni, huyu mama anafunga madirisha yote na mlango ameuacha wazi." Akacheka kupitia puani. "Ndiyo nikaamua kuja kila Ijumaa. Nilijua mtahitaji mtu."

Akaniomba jambo moja. Watu wa Karama nikikutana nao, nisiwapelekee jina nililolisikia dukani. Kule wamwachie lile lile la zamani, au la kazi tu. Hili jingine alitaka alifikishe kwa dada yake likiwa halijapita kwenye midomo ya watu. Nikamwambia sawa. Mwenye duka akaita tena kutoka ndani, chenji yake imebaki, na safari hii aligeuka mara ya kwanza. Alifurahi kama mtoto. Akaingia, nami nikapeleka mtindi wa watu.

Nafula alinipigia simu mwezi huo kutoka Bungoma. Nilimsimulia kwamba nimemwona Mwalimu, kwamba anarudi kwao. Nikasikia kuku wake nyuma, kisha akasema anataka kumtaja kanisani Jumapili, amshukuru mbele ya watu wote, na mchungaji wao hupenda jina kamili. "Dada, jina lake hasa ni nani?"

Sijawahi kumficha Nafula jambo tangu tukiwa watoto. Nikamwambia amtaje kwa jina la Mwalimu tu, Mungu atajua ni yupi.